"Nilipe Fedha Nikaangalie Ng'ombe wa Watu?"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi na mume wangu na watoto wetu watatu karibu na München, kusini mwa Ujerumani. Mwaka huu mama mkwe wangu, ambaye ni mkulima na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Lushoto, anatarajiwa kuja kukaa nasi kwa miezi miwili. Ombi lake la viza bado liko ubalozini Dar es Salaam. Kwa kuwa likizo ndefu ya shule hapa jimboni Bayern huanza karibu na mwanzo wa Agosti, tumeamua kwenda naye Italia kwa siku kumi, tukalale shambani badala ya hotelini. Wazo hili lilikuwa langu, kwa sababu watoto wetu, wenye umri wa miaka 13, 8 na 4, wamekulia ghorofani, na mdogo wao hajawahi hata kumgusa ng'ombe.

Tumebakiwa na nyumba mbili, na hapo ndipo tunapovutana. Ya kwanza iko Toscana, si mbali na Siena, katika shamba la mizabibu na mizeituni. Ina bwawa la kuogelea, ukuta wa mawe wa kale na mandhari ya kupendeza mno, na bei yake inajumuisha jioni mbili za kuonja mvinyo, ilhali sisi ni Waislamu. Anayejibu barua zetu ni wakala, wala si mwenye shamba. Ya pili ni nyumba ya kupanga yenye jiko lake, katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Tirol ya Kusini, kaskazini mwa Italia mpakani na Austria, mlimani kwenye mita 1,300 hivi, ambako mwenye shamba anaishi hapo hapo na familia yake. Haina bwawa, na bei yake ni nafuu. Mume wangu anaitaka ya Toscana na husema kwamba Tirol ya Kusini ni Bayern iliyovuka mpaka, maana watu wake husema Kijerumani. Mama mkwe, tulipomweleza kwa simu, alicheka, kisha akauliza kwa uzito kabisa: "Nilipe fedha nikaangalie ng'ombe wa watu?" Sikuwa na jibu.

Nina wasiwasi mwingine ambao sijamwambia mtu. Nyumba yenye jiko maana yake ni mimi kupika kwa watu sita siku zote kumi, wakati wengine wako likizo. Mtoto wetu wa pili ana pumu. Mama mkwe anasumbuliwa na goti, na hataki mbwa aingie anapolala wala anaposalia. Aidha, sijui tutapokewaje kijijini, familia nzima ya Waafrika. Nyumba zote mbili zinataka tulipe asilimia 30 ya gharama kabla ya mwisho wa mwezi huu. Nichague ipi, na niulize nini kabla sijalipa?

Ni mimi,
Mama Watatu, Bayern

*

Marahaba, mwanangu, na umsalimie sana mama mkwe wako. Nitaanza na swali lake, kwa sababu linagusa jambo ambalo matangazo ya nyumba hizo hayalisemi wazi, yaani mgeni anayelala shambani analipia nini hasa. Mtu aliyeamka alfajiri maisha yake yote kwenda kukama hana haja ya kuonyeshwa kwamba maziwa hutoka kwa ng'ombe. Kinachoweza kumfurahisha ni kuwaona wafugaji wa milima mingine wakiifanya kazi ile ile anayoijua, akawauliza wanapata lita ngapi, wanawalisha nini wakati wa theluji, na maziwa wanamuuzia nani kwa bei gani. Hilo linawezekana tu mahali ambapo kazi inaendelea na mwenye shamba yupo. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mchague shamba la Tirol ya Kusini, kwa sharti kwamba mwenyewe akujibu kwa uwazi maswali nitakayokutajia.

Silidharau shamba la Toscana, na sina sababu ya kudhani kwamba ni la uongo. Nchini Italia malazi ya aina hii, yanayoitwa agriturismo, yanatawaliwa na sheria namba 96 ya mwaka 2006, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, na jina hilo haliruhusiwi kutumiwa na kila mwenye nyumba ya mawe iliyoko mashambani. Ni lazima mwenyeji awe mkulima, na kilimo kibaki kuwa shughuli kuu, wageni wakiwa nyongeza. Taratibu nyingine, kama vile kiasi cha chakula kinachopaswa kutoka katika shamba lenyewe, huamuliwa na kila mkoa. Italia ina mashamba ya namna hii zaidi ya 25,000, na Toscana ndiyo inayoongoza, ikifuatwa na hiyo Tirol ya Kusini ambayo mume wako anaibeza. Mikoa mingi huyapanga mashamba hayo kwa alama za alizeti, kuanzia moja hadi tano, wakati Tirol ya Kusini umoja wa wakulima wenyewe, chini ya nembo ya Roter Hahn, hutumia alama za maua. Alama hizo zisomeni, lakini mkumbuke kwamba alizeti tano si ahadi kwamba mtoto ataona hata kuku.

Swali ambalo wageni wengi hawaliulizi ni hili: katika wiki tutakayokuwepo, shamba linafanya nini? Mizabibu ya maeneo ya Siena huvunwa Septemba hadi Oktoba, na zeituni huvunwa Oktoba na Novemba. Mwezi Agosti zabibu zinaiva polepole juani, joto hupita nyuzi 30 kwa urahisi, na mkulima hana kazi kubwa ya kumwonyesha mtoto wa miaka minne. Kitakachobaki ni bwawa, mandhari, na zile jioni mbili za mvinyo ambazo mtazilipia bila kuzitumia. Hiyo ni hoteli nzuri yenye mizabibu pembeni, na wapo watu inaowafaa sana, ila si ninyi mwaka huu, mkiwa na bibi mfugaji na watoto ambao mmesema mnataka wajue shamba.

Mlimani Tirol, Agosti ni wakati wa kazi. Wakulima hukata majani, huyakausha na kuyahifadhi kuwa hei ya majira ya baridi, na mahali pengi huwa ni mkato wa pili wa mwaka. Mabondeni, uvunaji wa matufaha ya mapema huanza katikati ya mwezi huo na kuendelea hadi vuli, maana mkoa huo mdogo hutoa karibu nusu ya matufaha yote ya Italia. Mama mkwe wako anatoka Lushoto, ambako matufaha na plamu hustawi, na mji wenyewe uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kimo hicho, miteremko yake na ubaridi wake wa jioni havitamshangaza hata kidogo. Hata hivyo mbebee sweta nzito.

Lakini hapa pana mtego, na ndiyo sababu nimeweka sharti. Katika milima ya Alpi, ng'ombe wengi, hasa mitamba, hupandishwa katika malisho ya juu kuanzia Juni na hurudishwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Zipo familia zinazofika Agosti katika shamba la ng'ombe na kukuta banda tupu lililofagiliwa vizuri. Kwa hiyo mwandikie mwenye shamba kwa Kijerumani, bila kupitia mtu, umuulize ni ng'ombe wangapi watakuwa nyumbani tarehe hizo, wanakamwa saa ngapi, na kama wageni wanaruhusiwa kuingia bandani jioni. Katika barua hiyo hiyo mweleze kwamba mtakuja na bibi ambaye naye ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka milima ya Usambara, na kwamba angependa kuona wanavyofanya kazi. Jibu utakalolipata litakufundisha mengi kuliko picha zote. Mkulima wa kweli atajibu kwa kutaja aina ya ng'ombe wake na pengine naye atauliza swali, na anayekodisha nyumba tu atakutumia orodha ya bei.

Barua hiyo itakusaidia pia katika wasiwasi wako wa kupokewa kijijini. Sitakudanganya kwamba hakuna atakayewatazama, kwa kuwa vijiji vya milimani ni vidogo na mgeni yeyote huonekana. Hata hivyo, kukaa katika nyumba ambayo wenyeji wake wanaishi ng'ambo ya ua, wanaojua majina yenu kabla hamjafika, ni salama zaidi kwa moyo kuliko kupewa ufunguo na wakala na kuachwa peke yenu. Soma maoni ya wageni waliotangulia uone yanamzungumzia nani. Maoni yanayomtaja mwenye nyumba na watoto wake ni dalili njema. Mwenye shamba akijibu barua yako kwa ukavu au kwa swali la kukudhalilisha, acha shamba hilo na utafute jingine, maana yapo mengi.

Sasa nije kwenye jiko, kwa sababu naona ndiko uliko mzigo wako. Kwa familia inayokula halali, nyumba yenye jiko lake ndiyo inayofaa huko. Kifungua kinywa cha kienyeji mara nyingi huwa na speck, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na nyama hiyo hiyo hukatwa vipande vidogo ikatiwa hata katika yale madonge ya mkate yanayochemshwa, ambayo kwa macho huwezi kuyatofautisha na ya jibini au ya mchicha. Nyama yenu ya halali mnaweza kuigandisha na kuibeba kutoka München, kwa kuwa kusafiri na nyama ya matumizi yenu binafsi ndani ya Umoja wa Ulaya hakukatazwi. Mama mkwe ndiye asibebe nyama wala samli kutoka nyumbani, kwa sababu bidhaa za nyama na za maziwa haziruhusiwi kuingizwa na abiria anayetoka Tanzania. Kama mnaangalia pia kimengenya kinachogandisha maziwa yawe jibini, fahamuni kwamba jibini nyingi za jadi za Italia, Parmigiano Reggiano ikiwemo, hutumia kile cha tumbo la ndama.

Jiko, hata hivyo, halina jina lako mlangoni. Kabla hamjalipa, kaa na mume wako mkubaliane nani anapika siku gani, na mkubaliane kwa siku na kwa majina, kwa sababu ahadi ya jumla kwamba "tutasaidiana" huishia mikononi mwa mama wa nyumba. Mashamba mengi huwaletea wageni mkate, maziwa, mayai na jemu asubuhi kwa malipo ya ziada, basi chukueni huduma hiyo ili asubuhi isiwe kazi ya mtu. Mchana uwe wa vyakula vya baridi. Jioni tatu au nne apike mume wako, na kijana wenu wa miaka 13 hana sababu ya kutojua kuchemsha tambi. Kuhusu mama mkwe, mume wako ndiye amweleze mapema kwamba mwanawe atapika mkiwa safarini, ili mwenyewe asije akainuka kwa aibu kwenda kuosha sufuria na goti lake, au akadhani wewe ndiwe uliyemtuma.

Maziwa yachemsheni. Mama mkwe hahitaji kuambiwa hilo, lakini watoto watayapata yakiwa ya moto kutoka bandani, na mwenyeji mkarimu anaweza kusema kwamba wanawe wameyanywa hivyo tangu utotoni. Maziwa mabichi yanaweza kubeba aina za bakteria wa E. koli zinazoharibu figo za watoto wadogo, na walio hatarini zaidi ni wale wa umri wa chini ya miaka mitano, kama huyo wako wa mwisho. Ndiyo sababu tangu mwaka 2008 Italia imetaka maziwa mabichi yanayouzwa kwa mlaji yawe na onyo kwamba yachemshwe kwanza. Jibini laini za maziwa mabichi nazo msimpe. Anapotoka kushika ndama, anawe mikono kwa sabuni kabla hajagusa chakula, na asisogee karibu na trekta hata kidogo, kwa sababu dereva aliye kwenye mteremko hamwoni mtoto aliye nyuma ya gurudumu.

Mtoto mwenye pumu ana maswali yake. Vumbi la hei na ukungu wake vinaweza kumwamshia kifua, kwa hiyo uliza nyumba yenu iko umbali gani kutoka ghala la hei, na kama dirisha la chumba cha watoto linaelekea huko. Ongea na daktari wake kabla ya safari kuhusu kuingia bandani, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwenu, isiachwe ndani ya gari. Kwa mtoto huyu ninapendelea shamba hilo la mlimani lenye majani pande zote kuliko mashamba ya bondeni yaliyozungukwa na mitufaha, ambako hunyunyiziwa dawa mara nyingi kwa msimu. Watoto wana bima kwa kadi zao za Ujerumani, ambazo upande wa nyuma ni kadi ya afya ya Ulaya, na namba ya dharura ni 112.

Kwa goti la mama mkwe, omba upewe nyumba ya chini. Usiridhike na neno "rahisi kufika", bali uliza kuna ngazi ngapi kutoka gari linaposimama hadi kitandani, na kama bafu lina beseni la kupanda au sakafu ya kuogea iliyo sawa na chumba. Katika jambo moja Italia itawapendeza kuliko Ujerumani: sheria ya mwaka 1975 inataka kila nyumba ya kuishi iwe na bide katika angalau bafu moja, hivyo maji ya kustanji hayatakuwa tatizo. Mbwa karibu kila shamba anaye. Muulize mwenyeji kama huwa amefungwa au huzurura uani, na kama huwa anaingia katika nyumba za wageni. Ombi kwamba asiingie ni la kawaida na halimkwazi mtu.

Hoja ya mume wako kwamba huko ni Bayern iliyovuka mpaka ina ukweli ndani yake. Eneo hilo lilikuwa la Austria hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na wakazi wake wengi bado husema Kijerumani. Kwangu hiyo ni faida, kwa sababu watoto wataongea na wenyeji wao bila mkalimani, na mkubwa atamfasiria bibi yake bandani. Huko Toscana ninyi nyote mngekuwa mabubu mbele ya wakala. Kama anaitaka Italia ya Kiitaliano, mji wa Verona uko kilomita 150 hivi kusini ya Bozen, mji mkuu wa Tirol ya Kusini, na mnaweza kwenda na kurudi siku moja kwa treni. Kama ni kuogelea, ziwa la Kaltern, lililo kusini ya Bozen, linajulikana kwa uvuguvugu wake miongoni mwa maziwa ya Alpi. Halafu kuna barabara. Kutoka München hadi Bozen ni takriban kilomita 280, ilhali Siena ni zaidi ya 700, na goti la mama mkwe lazima likae garini njia yote.

Msiende katikati ya Agosti. Tarehe 15 ni sikukuu kubwa ya Italia, na wiki inayoizunguka ndiyo ghali na yenye msongamano kuliko zote. Shule za Bayern hubaki zimefungwa hadi karibu katikati ya Septemba, basi itumieni nafasi hiyo mwende wiki ya mwisho ya Agosti mkivuka kuingia Septemba. Ombeni kufika siku ya katikati ya wiki, kwa kuwa njia ya Brenner, inayovuka milima kutoka Austria kuingia Italia, siku za Jumamosi hujaa magari ya watu wanaobadilishana nyumba. Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, itakayotolewa na Ujerumani itamruhusu mama mkwe kupita Austria na kuingia Italia bila viza nyingine, na bima yake ya safari, isiyopungua yuro 30,000, ihakikishwe kwamba inahusu eneo lote la Schengen. Pasipoti na vibali vyenu vya ukaazi mvibebe, kwa kuwa Ujerumani hukagua magari yanayorudi kutoka Austria.

Kuhusu fedha, kwanza pata bei kamili kwa maandishi, ikijumuisha usafi wa mwisho, mashuka na kodi ya utalii ya kila usiku, ambayo huko kwa kawaida watoto walio chini ya miaka 14 hawatozwi. Tangu Januari 2025 kila malazi ya watalii nchini Italia yanatakiwa kuonyesha katika tangazo lake namba ya utambulisho ya kitaifa, CIN. Tangazo lisilo nayo msililipie. Uliza pia kama mtapewa kadi ya mgeni inayowaruhusu kupanda mabasi na treni za mkoa bila nauli, maana mashamba mengi huitoa.

Arbuni ya asilimia 30 si ya ajabu, lakini angalia imeandikwaje. Ikiwa mkataba unaiita caparra confirmatoria, kifungu cha 1385 cha sheria ya madai ya Italia kinasema kwamba mkivunja ninyi, mwenyeji ana haki ya kubaki nayo, na akivunja yeye, mna haki ya kumdai mara mbili yake. Ikiitwa acconto, hayo ni malipo ya awali tu, na kurudishwa kwake hutegemea mlichokubaliana. Kwa kuwa viza ya mama mkwe bado iko ubalozini, usikubali kulipa mwisho wa mwezi kwa sababu tu umeambiwa hivyo. Mwandikie mwenye shamba kwamba mnamsubiri bibi apewe viza, umwombe tarehe ya mwisho ya kughairi bila gharama, na tarehe hiyo iwe baada ya siku mnayotarajia jibu la ubalozi.